Mkono Mwepesi

Kazi ya mwalimu ni kufundisha, na kazi hii ina hasara yake: mtu akisimama mbele ya ubao miaka kumi na mitano husahau namna ya kukaa dawatini. Sisi tulikumbushwa katika likizo ya mwezi wa Juni, mwaka 2023, na aliyetukumbusha ni mtoto ambaye zamani tulimfundisha kuandika. Habari yenyewe ni ya mkono wa mama yetu mzazi, na namna ya kuuchua. Twajua wengine watasema, Kuchua! Nani asiyejua kuchua? Nasi tulisema vivyo hivyo.

Kwetu ni upande wa Kwihara, si mbali na mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Babu ya baba yetu alikuwa mpagazi katika njia hiyo. Mzigo wa desturi ulikuwa karibu frasila mbili, ndiyo kama kilo 32, nao waliuchukua mabegani kwa miguu hata pwani, mwendo wa miezi miwili au mitatu, mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ikawapumzisha. Katika jamaa yetu husimuliwa kwamba mzee huyo alikuwa na sugu begani ngumu kama kisigino, na ya kuwa jioni kambini wapagazi walikandana miguu kwa maji ya moto na chumvi. Na yule aliyekanda kwa nguvu kuliko wenzake ndiye aliyeitwa fundi. Ujuzi huo ukashuka kwa bibi zetu na shangazi zetu. Mzazi akijifungua, hukandwa. Mtu akiteguka, huchuliwa. Na mgonjwa akipiga kelele, watu husema, Vema, dawa inaingia. Sisi tulilelewa katika elimu hiyo, wala hatukuisaili.

Sasa tuseme habari za mama. Katika mwaka 2021 aliona kivimbe katika titi la kulia. Alikaa nacho miezi mitatu bila kumwambia mtu, kama wafanyavyo mama wengi, kisha akatuambia. Akapasuliwa, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, na baadaye akapigwa mionzi. Tulimshukuru Mungu, naye akarudi kwenye jembe lake. Hospitali alikopasuliwa hatutaitaja, maana waganga wake walifanya kazi njema. Lakini neno moja hatukuambiwa, ya kwamba mkono wa upande ule waweza kuvimba, kwa wengine baada ya miezi, kwa wengine baada ya miaka.

Mkono ulivimba mwaka wa pili. Kwanza bangili yake ya shaba haikupita tena. Kisha mkono wa gauni lake la Jumapili ulimbana, akaupasua mshono na kuunga kipande cha kitambaa kingine. Kisha akaacha kukaa mbele pamoja na kina mama wa kwaya, akawa akikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mkono umefunikwa kwa kitenge hata siku za jua kali. Majirani walisema yao. Wengine walisema amelogwa. Wengine, waliojiona wana elimu, walisema ugonjwa wa titi umerudi na umeingia mkononi. Mama mwenyewe aliyaamini haya ya pili, asituambie. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amekwisha kuzifunga nguo zake katika sanduku na kusema nani apewe ipi.

Nasi tulifanya nini? Tulimwita shangazi, dada yake baba, ambaye ni mkandaji mashuhuri wa upande wetu. Alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa, akaukanda mkono ule mpaka jasho likamtoka yeye mwenyewe. Alipochoka, tulimpokea. Tulipaka mafuta ya karanga, tukaushika mkono kwa viganja viwili, tukaukamua tangu vidoleni kwenda juu kama mtu akamuaye shuka lililoloa. Mama aliuma upindo wa kanga asipige kelele. Tulifanya hivyo siku tatu mfululizo, tukajisifu kuwa watoto wema.

Usiku wa tatu akashikwa na homa ya kutetemeka, na kulipokucha mkono ulikuwa mwekundu, wa moto, tangu kifundoni hata begani. Tukakodi gari. Alilala wodini siku sita akipigwa sindano za kuua vijidudu, maana palikuwa na mchubuko mdogo katika kidole, pengine wa ukucha wetu, na vijidudu vilipata mlango. Mkono uliovimba hivyo hauna nguvu ya kupigana nao. Mganga alipouona alituuliza, "Nani ameufanya hivi?" Shangazi akatazama chini. Tukajibu, "Ni sisi."

Hakutugombeza. Aliandika karatasi, akasema homa ikiisha tumpeleke mama chumba cha mwisho cha ukumbi ule, kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, ambayo wengine huiita fiziotherapia.

Katika chumba hicho tulimkuta binti mmoja aliyevaa koti jeupe, akimshikisha mzee mmoja vyuma viwili sambamba ajifunze kutembea tena. Alipotuona alisimama kitambo, kisha akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tulimtambua kwa sauti kabla ya kumtambua kwa sura. Alikuwa mwanafunzi wetu wa darasa la nne tulipoanza kazi, mtoto mpole, aliyeigusa karatasi kwa kalamu kama mtu aogopaye kuiamsha. Maandishi yake hayakusomeka ila juani. Ni mara ngapi tulimwambia, "Gandamiza kalamu, binti!" Na siku nyingine tulifanya zaidi ya kumwambia. Naye alikuwa amefika mbali kwa mwandiko huo huo: alikuwa amesoma tiba ya viungo katika chuo cha KCMC kilichoko Moshi, akarudi kuhudumia watu wa kwao.

Alimpa mama kiti, akasikiliza habari yote, hata zile za maji ya moto. Kisha akatuambia, "Mwalimu, nionyeshe ulivyokuwa ukimchua," akatupa mkono wake mwenyewe. Tukauchua kama tulivyozoea. Akavumilia kidogo, akasema, "Mkono wako ni mzito, Mwalimu." Ndipo akauweka mkono wake juu ya wetu. Tulingoja. Baada ya kitambo tulimwuliza ataanza lini. Akasema alikuwa amekwisha kuanza.

Hapa yafaa tueleze mambo aliyotueleza, maana bila hayo mtu ataona ni mchezo. Damu ipitapo katika mishipa midogo kabisa huacha maji kidogo katika nyama za mwili, ndiyo yanayozilisha. Maji hayo hayana budi kurudi, la sivyo tungevimba sote. Huchukuliwa na mishipa mingine, siyo ile ya damu, nayo huitwa mishipa ya limfu, na maji yake huitwa limfu. Kila siku lita kadhaa hurudi hivyo. Mishipa hii haina moyo wa kuisukuma. Huenda kwa kujikunja yenyewe polepole, na kwa kusukumwa na nyama zetu tunapotembea na kufanya kazi, na kwa pumzi tunayovuta. Na ndani yake mna vilango vinavyozuia maji kurudi nyuma. Njiani mna vituo vya kuchuja, ndizo tezi. Wazee wetu walizijua, maana mtu akiwa na kidonda mguuni, tezi za kinenani zikavimba, husema ana mitoki. Mwisho wa safari limfu humiminika katika mishipa mikubwa ya damu chini ya shingo, nyuma ya mtulinga.

Mishipa hii ilichelewa kuonwa na wataalamu. Mwaka 1622 mganga mmoja wa Italia, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe tumboni. Alidhani ni mishipa ya fahamu, akaukata mmoja, yakatoka maji kama maziwa. Hata baada ya hapo miaka mingi ilipita kabla mtu hajafikiri sana namna ya kuisaidia kwa mkono. Katika miaka ya 1930 Mdenmark mmoja, Emil Vodder, pamoja na mkewe Estrid, walikuwa wakifanya kazi ya kuchua watu huko Cannes, pwani ya Ufaransa. Walipata wagonjwa wa mafua yasiyokwisha, ambao tezi za shingo zao zimevimba. Waganga wa siku zile waliogopa tezi, wakakataza zisiguswe. Hao wawili walizigusa, lakini kwa wepesi, wakizungusha vidole polepole, na mwaka 1936 wakaitangaza njia yao mjini Paris. Vodder hakuwa mganga. Alikuwa mtu aliyesoma mambo mengi na kuacha mengi. Tulifurahi kusikia hivyo.

Sasa, kwa nini mkono wetu ulidhuru? Binti alieleza kwa maneno machache. Mishipa mingi ya limfu iko chini tu ya ngozi, nayo ni myembamba sana. Ukigandamiza kwa nguvu huifungui, bali waiziba. Na ukiupasha mkono moto, damu huja kwa wingi, nayo huacha maji mengi zaidi. Basi shangazi kwa maji yake alikuwa akijaza mtungi, na sisi kwa viganja vyetu tulikuwa tukiushindilia kizibo.

Mama alisikiliza yote, akatikisa kichwa kwa heshima, lakini tulimwona kwamba hajaelewa, nasi tunaujua uso wa mtu asiyeelewa. Hapo ualimu wetu ulipata kazi. Tuliomba karatasi tukachora njia. Tukamwambia, "Mayu, vidole vyako ni Ujiji. Shingo yako ni Kwihara, nyumbani. Mizigo yote ya Ujiji inataka kuja Kwihara. Na hapa kwapani ni nchi ya Mirambo."

Yapasa tuwakumbushe wasomaji walio mbali habari hii, ingawa kwetu hata watoto wanaijua. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia kati ya Tabora na Ujiji. Waarabu walikwenda kumpiga, wakashindwa, naye akaja akauchoma mji wa Tabora. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa amekaa Kwihara na mizigo yake, hana pa kupita. Mwezi wa Septemba akaondoka kwa kuzunguka: akashika kusini kwa Ugunda, akaenda magharibi, kisha akapanda kaskazini mpaka mto Malagarasi, akafika Ujiji. Na mwezi wa Februari 1872 yeye na Livingstone walirudi Kwihara kwa upande ule ule wa kusini. Nyumba waliyokaa ni makumbusho leo.

"Tezi za kwapa lako zimeondolewa," tukasema, "njia imefungwa, na mizigo imerundikana Ujiji."

Mama akaitazama karatasi. Akauliza, "Kwa hiyo si ule ugonjwa uliorudi?"

Binti akasema, "Sivyo, mama. Daktari amekupima, haukurudi. Ni maji yaliyokosa njia."

Mama akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi, baba, nipitisheni Ugunda."

Na hivyo ndivyo inavyofanywa kweli, wala si mfano tu. Ngozi ya kifua na ya mgongo ina vijishipa vinavyounganisha upande na upande. Mchuaji huyaongoza maji kutoka bega la kulia, yapite kifuani yaende kwapa la kushoto ambalo ni zima. Na mengine huyashusha ubavuni yaende kinena cha kulia. Lakini hapa pana jambo lililotushangaza kuliko yote. Hauanzi na mkono uliovimba. Mgonjwa huvuta kwanza pumzi ndefu za tumboni. Kisha waanza shingoni, juu ya mtulinga, ukizungusha vidole. Kisha kwapa la pande zima, kisha kinena. Kisha kifua. Ndipo bega, ndipo mkono wa juu, ndipo kiwiko, na mwisho kabisa kitanga na vidole. Na kila sehemu uifikiayo, mwendo wa mkono wako ni kuelekea mwilini. Siku ya kwanza nusu saa ilipita mama hajaguswa mahali palipovimba, naye alimnong'oneza shangazi kwamba binti huyu amesahau mkono ni upi. Lakini mtu aliyezaliwa kando ya njia ya misafara angepaswa kuelewa: msafara wa nyuma hauwezi kupiga kambi kisimani mpaka wa mbele umeondoka.

Tulisoma majuma mawili. Kila asubuhi mama alipanda pikipiki ya kukodi, nasi tulifuata kwa baiskeli, chini ya miembe. Kusema kweli tulikuwa mwanafunzi mbaya. Kosa la kwanza lilikuwa mafuta. Tulileta chupa yetu ya mafuta ya karanga, binti akaiweka dirishani, ikakaa huko mpaka mwisho, maana mkono wenye mafuta huteleza, na katika kazi hii mkono hautakiwi kuteleza. Washika ngozi kwa kiganja, waisogeza yenyewe kwa upole mpaka inapokataa, kisha waiacha irudi. Kisha tena. Kiswahili kina maneno mengi ya kazi hii: kuna kukanda kama unga, kuna kuchua kwa kusugua, kuna kusinga kwa manukato kama wafanyavyo wa pwani, kuna kupapasa. Binti alisema yake si hata moja katika hayo, na sisi tulio waalimu wa lugha hatukuweza kumpa neno.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Mishipa ile hujikunja mara chache tu kwa dakika, na mkono wako hauna budi kwenda nayo. Sisi tulikwenda kama watu waliochelewa darasa. Kosa la tatu ni vidole gumba, ambavyo havikukubali kupumzika. Siku moja tulijiona tumeweza, tukamtazama binti tupate sifa. Akacheka, akasema, "Mwalimu, usigandamize kalamu." Mama naye akacheka, ijapokuwa hakujua sababu. Sisi tulijua.

Basi tulijifunza nyumbani usiku. Tulimfanyia mazoezi mtoto wetu mdogo akiwa amelala, katika mkono wake. Akiamka, tulijua kwamba tumezidisha. Usiku wa kwanza aliamka mara nne. Juma la pili alilala mpaka asubuhi.

Lakini tusije tukamdanganya msomaji akadhani mikono ndiyo iliyofanya yote. Binti mwenyewe alituambia wazi kwamba wataalamu wamepima jambo hili mara nyingi kwa wanawake waliopasuliwa titi, na imeonekana kwamba kinachopunguza uvimbe zaidi ni kufungwa kitambaa. Kuchua huongeza, lakini si kwa kadiri ambayo wapenzi wa kuchua wangetaka, na wataalamu hawajakubaliana yote. Tulimpenda zaidi kwa kusema hivyo, maana fundi gani husifu kazi isiyo yake?

Kitambaa chenyewe hakitakiwi kuwa cha kuvutika sana kama mpira. Yafaa kiwe kigumu kidogo, ili nyama za mkono zikifanya kazi zisukumane nacho, maji yapate kwenda. Kwanza hufungwa vidole kimoja kimoja, kisha kitanga, kisha hupandishwa, chini ya kitambaa kukiwa na pamba; nacho hukazwa zaidi mkononi na kulegezwa kadiri kinavyopanda. Ncha za vidole zikifa ganzi au kubadilika rangi, hufunguliwa mara moja. Vitambaa vya hospitali vilikuwa vichache na vya bei, basi kwa siku za kufua binti aliturarulia kitambaa cheupe cha pamba, kile ambacho wazee wetu walikiita merikani, naye akakijaribu mara nyingi kabla ya kuturuhusu. Tulimwambia kwamba kitambaa cha jina hilo ndicho kilichokuwa fedha ya njia hii, na babu ya baba yetu alikichukua begani robota kwa robota. Alisema hakujua. Tunatumaini tulimfundisha darasa la nne, lakini labda hakusikia.

Pamoja na kitambaa kuna mazoezi, kukunja ngumi na kukunjua, kuinua mkono ukutani kidogo kidogo; na kuna kuitunza ngozi, kuiosha, kuipaka mafuta isipasuke, kutokata nyama za kucha, kuvaa kitambaa mkononi wakati wa kuchuma miiba au kushika chungu cha moto. Tena tuliapishwa, ndilo neno letu, tuliapishwa kwamba mkono ukiwa mwekundu na wa moto, au mama akiwa na homa, hatutaugusa, bali tutampeleka kwa mganga siku ile ile. Wala tusimfanyie hivi mtu yeyote mwenye moyo dhaifu, au mwenye mguu uliovimba ghafula kwa maumivu, maana yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa, na kuisukuma ni kumwua.

Neno hilo lilitufaa upesi. Habari ilienea kijijini kwamba mwalimu amejifunza kuchua kwa namna ya hospitali, na watu wakaanza kuja jioni. Mmoja alikuwa mzee aliyefanya kazi pwani katika ujana wake, akarudi na matende ya mguu. Ugonjwa huo huletwa na minyoo midogo iliyoingizwa na mbu, nayo hukaa katika mishipa hii hii ya limfu na kuiharibu. Tangu mwaka 2000, serikali ilipoanza kugawa dawa kisiwani Mafia, umepungua sana, lakini mguu uliokwisha kuharibika dawa haiurudishi. Mzee aliweka mguu wake juu ya kigoda, akasema, "Haya, Mwalimu." Hatukuugusa. Tulimwuliza binti, naye akasema mzee huyo anahitaji sabuni kuliko mikono yetu: kuosha mguu kila siku kwa maji safi, kukausha vizuri kati ya vidole, kutibu kila kidonda kidogo, kuuinua anapolala, kuuchezesha, na kuvaa viatu. Mzee alikwenda zake na kinyongo, akisema kwamba kuoga hata mtoto anajua. Sasa ameosha miezi mingi, na homa zilizokuwa zikimlaza kila mara zimekuwa za nadra. Bado anasema tulimnyima.

Kuhusu mama, tulikuwa tukipima kwa utepe wa fundi cherehani, mahali pale pale kila mara, tukiandika katika daftari la mahudhurio lililobaki kurasa. Siku ya kwanza mkono wa juu ulikuwa sentimeta 38, na wa kushoto 31. Baada ya majuma matatu ulikuwa 34. Kisha ukakataa kushuka. Tulifadhaika, tukampelekea binti tarakimu zetu kama mwanafunzi apelekaye hesabu isiyotoka. Akasema huenda ukashuka tena kidogo, na huenda usishuke. Mkono huu hautarudi ulivyokuwa, na kazi hii haina siku ya mwisho. Tulimwomba asimwambie mama. Akatutazama, akasema, "Mwalimu, yeye aliuliza siku ya kwanza."

Kumbe alikuwa ameuliza, akajibiwa, na jibu likamtosha, maana alilokuwa akiliogopa lilikuwa jingine. Sanduku la nguo lilifunguliwa mwezi wa Julai. Alirudi mbele, kwenye kiti chake cha kwaya, na kitambaa mkononi waziwazi bila kitenge juu yake, na mtu akimwuliza, humweleza habari za Mirambo kwa urefu, mpaka muulizaji hujuta. Bangili ya shaba amempa mjukuu wake.

Shangazi ndiye aliyetupa shida. Hakuja kutuona muda wa miezi miwili, tukajua ana haya. Siku moja alikuja, akakaa mlangoni akitutazama tukifanya kazi, hasemi neno. Mwisho akauliza kama inakubaliwa ajaribu. Mikono ya mwanamke huyu imekanda wazazi wa vijiji vitatu. Aliiweka juu ya shingo ya mama, juu ya mtulinga, naye ilimchukua dakika moja kupata alichotuchukua sisi majuma mawili. Akasema hivyo ndivyo alivyokuwa akiwashika watoto wachanga siku zote, ila hakuna aliyemwambia kwamba hiyo nayo ni dawa.

Sasa tumegawana zamu: yeye siku za katikati ya juma, tunaposahihisha madaftari, na sisi siku zilizobaki. Leo ni zamu yetu. Vitambaa vimekauka kambani, na mama anakohoa huko uani kwa makusudi, ndiyo namna yake ya kutuita.